Wanafunzi wa Safu ya Nyuma

Jailos Mwakalinga alikuwa mwana wa Lutengano, na Lutengano mwana wa Kalinga, ambaye kule Rungwe hapakukatwa shauri la ng'ombe pasipo neno lake. Jailos alikuwa mkuu wa uhasibu katika chuo kimoja cha biashara mjini Iringa. Jumatatu moja ya baridi, mwaka 1975, aliingia darasani akakuta wafu wameketi safu ya nyuma.

Walitoka kijiji kimoja cha Usangu, nao walikufa kwa njaa mwaka uliotangulia. Magoti yao yalikuwa na udongo. Jailos aliita majina, akawaongeza daftarini, akaendelea na somo la uchakavu wa mitambo.

"Mzee, hawa hawajalipa karo," alisema Leokadia, katibu wake.

"Wape viti. Afadhali wao, hawaombi ruhusa ya kwenda kliniki."

Kipindi kilipokwisha, mmoja wao, mzee Bujiku, alisimama.

"Mwalimu, tumekuja kujua tulikufa kwa hesabu gani. Ulitia sahihi kwamba ghala letu limejaa, nasi hatukuletewa chakula cha msaada."

Jailos alimwita Damari, mhitimu wake bora, aliyelikagua ghala lile kwa niaba yake.

"Mwanangu, ulichoma bambo magunia ya nyuma, uone punje zilizomo?"

"Hapana, baba. Mtunza ghala ni baba mkwe wangu. Alikwenda kusimama kule nyuma makusudi."

Jailos alielewa. Kwao Wanyakyusa, mke wa mwana hakutani na baba mkwe. Akimwona njiani, huingia vichakani. Magunia ya nyuma yalikuwa pumba tupu.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, baba. Ukasema mtu wa ukoo bora kama ule hadanganyi."

Jailos alikwenda Mbeya kuomba sahihi yake ifutwe. Ofisa wa maghala wa mkoa alimpa chai, akamweleza kwamba ghala lililokwisha kutangazwa limejaa haliwezi kuwa tupu kwa kurudi nyuma. Mtunza ghala sasa alisimamia maghala ya wilaya nzima.

Wafu hawakukosa kipindi. Katika mtihani walijibu kila swali kwa neno moja: njaa. Jailos alisahihisha kwa wino mwekundu, akawapa alama zote.

Alistaafu mwaka 1978. Ukumbi ukapewa jina lake, Damari akapewa kiti chake, na wafu wakabaki na vyao.

Nanyi vijana mnaosoma pale, sikieni. Msiwape mgongo wale wazee. Geukeni, waamkieni, na wakiwauliza walikufa kwa hesabu gani, asithubutu mmoja wenu kuwatajia ukoo wa mtu.