Mgeni wa Tano

"Usinidanganye, Mama Nilesh! Miaka minane tunapeana chumvi juu ya ua huu, leo mwanao anaoa, unanificha kama mwizi?"

Zilpah alishika kiuno, barakoa imeteremka kidevuni. Asubuhi hiyo alikuwa ameshawatangazia Wakenya wote wa Seven Hills, mtaa wao huku ughaibuni, kwenye WhatsApp kwamba yule Mhindi jirani yake, mzaliwa wa Kisumu, aliyekuwa akija kula sukuma wiki kwake bila hodi, siku hizi anaringa.

"Serikali imesema wageni watano, Mama Tevin," Kokila alijibu. "Corona."

"Na mimi nimewahesabu wakiingia! Baba wa bibi harusi, mama yake, dada yake, wifi yako Ramila na mumewe. Haya, watano. Na wewe u—"

Akachungulia vizuri juu ya ua. Kumbe Kokila hakutoka kupunga upepo. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, chini ya kamba ya nguo, sari nyeupe, mikono mitupu. Bangili alivuliwa Julai, wiki ile mumewe alipofia hospitalini bila mtu wa kumshika mkono.

"Mama ndiye humpaka bwana harusi rangi nyekundu kwenye paji la uso," Kokila alisema. "Leo Ramila ndiye atakayempaka. Mume wake yu hai. Mimi mjane, nuksi."

"Nuksi? Na hizo ladu tamu za harusi ulizofinyanga tangu alfajiri?"

"Mikono yangu inafaa kwa ladu. Kwa mtoto haifai."

"Nilesh mwenyewe amesemaje?"

"Amesema, 'Mama, sheria ni watano.'"

"Shenzi! Ingia! Ama niruke huu ua nikuingize mimi?"

"Usithubutu, dada yangu. Bibi harusi akipata hata kahoma, na huu ugonjwa ulivyo, watasema ni kivuli changu. Mjukuu sitaonyeshwa."

Zilpah alifungua mdomo abishe, akamkumbuka shangazi yake Jerusha kule Vihiga, siku yeye Zilpah alipoposwa. Jerusha alikuja na kuku kwapani, matanga ya mumewe hayajapoa. Nani alimzuia mlangoni? Zilpah mwenyewe, tena akicheka. Akaivuta barakoa ikafunika mdomo uliolisha mtaa mzima umbea.

Ndani kengele ndogo ikalia. Kuhani akaimba sala kwenye kompyuta, sauti ikikatikakatika kwa mtandao mbovu. Kokila akainua mkono wa kulia, akapitisha kidole cha pete hewani, kwenye kimo cha paji la mwanawe. Akaushusha upesi na kuuficha ndani ya sari.

Yakafuata makofi. Mlango wa nyuma ukafunguka, Ramila akatokeza, bangili nyekundu mpaka karibu na kiwiko. Alimwona Zilpah, akatabasamu, akasema kwa Kiswahili ili jirani naye asikie:

"Haya, wifi, tumeshamaliza. Karibu ndani ule."