Mtelemko wa Zege

Afisa wa hifadhi ya mtaa wa kale alifika wiki ya pili baada ya mazishi. Mjane, fundi cherehani, alikuwa anashona sare za shule chumba cha mbele, mlango wazi. Wifi yake, aliyebaki kumliwaza, ndiye aliyemkaribisha.

"Poleni na msiba," afisa alisema. "Sikuwa na habari. Nimekuja kwa ajili ya huo mtelemko."

Mtelemko wa zege ulifunika vidato vya ngazi ya mawe ya mbele. Marehemu aliujengesha miguu ilipokataa kumbeba, ili kiti chake cha magurudumu kipite. Katika mtaa ule, ndani ya nyumba yako fanya utakalo, lakini nje huruhusiwi kubadilisha rangi, dirisha wala kidato bila kibali. Hakuomba. "Nikisubiri kikao chao," alimwambia mkewe, "nitatoka hapa nimebebwa."

"Inabidi ubomolewe," afisa alisema.

Wifi akaja juu. "Kaburi la kaka yangu halijakauka udongo, nyie mnawaza kubomoa?"

"Dada, naelewa..."

"Huelewi kitu!"

"Wifi, mwache," mjane alisema bila kuinua mguu kwenye pedali. "Lini?"

"Tunaweza kukuongezea muda, mama. Hata miezi."

"Kesho nitamwita mwashi."

Afisa aligeuka kuutazama mtelemko. "Ungekuwa wa mbao, wa kuweka na kuondoa, tungewaruhusu siku hiyohiyo. Mngeuliza tu."

Wifi akaangua kilio. Mjane alikata uzi kwa meno. Aliitafuta hasira, akaikosa. Alikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi, anayesikia koleo likigonga jino wala haumii.

Kesho yake mwashi alipiga nyundo mpaka zege likaachia, vidato vikatokea vizima, vimepauka kwa vumbi. Wifi alijifungia chumbani. Mjane alizoa kifusi kwa karai, la mwisho akaliacha limejaa pembeni, akafagia, akamwaga maji. Afisa akaja kukagua, akapiga picha, akasema nyumba sasa imerudi sura yake.

"Asante, baba," mjane akamjibu.

Afisa alipoondoka, wifi akatoka, macho yamevimba.

"Hivi wewe hulii?"

Mjane alifikiri kidogo, kama aliyeulizwa habari za mtu mwingine.

"Bado," akasema. "Njoo unisaidie kumwaga hiki kifusi, peke yangu sikiwezi."

Wakashika karai, huyu huku, yule kule.