Ubao Unaofika

Mume wangu alikuwa anang'ata ubao. Alisimama uani kwetu Nangwa, kipande cha mbao kati ya meno, akikigonga kwa ukucha huku amefumba macho kama anayepokea komunyo.

Misimu tisa ya kuendesha kombaini katika mashamba ya ngano ya serikali ilikuwa imemla masikio. Mwanzoni nilipaza sauti, baadaye nikatumia mikono, mwishowe nikanyamaza. Nyumba ya watu wawili walionyamaza ina baridi hata jiko likiwaka. Nilikuwa na hamu na mtu niliyelala naye kitanda kimoja.

Ndipo Xavery alipoamua kutengeneza gitaa dogo la nyuzi nne, kama lile alilonichumbia nalo kule Tumati. Tulichonunua ni nyuzi tu, mshipi wa nailoni wa wavuvi wa Babati. Shingo ilitoka kwenye nguzo ya mwerezi iliyoanguka zizini. Kasha ndilo lililotushinda.

Nilimletea debe la grisi, kwa kuwa lilikuwa la bure. Akaling'ata ukingoni, akakunja uso.

"Hili kelele tupu," akasema. "Kelele ninazo za kutosha."

Kibuyu changu cha maziwa nacho kilipitia meno yake, nami nikampokonya.

"Hicho tunanywea, Baba Imakulata."

Hakusikia, ila uso wangu aliusoma vizuri.

Alilolikubali ni sanduku kuukuu la chai alilopewa dukani. "Hili linafika," akasema, akigusa mfupa nyuma ya sikio, njia pekee ambayo sauti ilimpitia bado, kutoka menoni. Sikuamini. Mfa maji haachi kutapatapa, nikawaza, kisha nikajionea haya.

Jumapili, baada ya misa, alifunga uzi wa mwisho. Akaegemeza taya kwenye kasha, akapiga. Akakosea, akacheka, akapiga tena, na machozi yakamtiririka hadi kwenye ubao. Nami, Mungu anisamehe, nilikionea wivu kile kisanduku. Kilikuwa kimefika nilikoshindwa.

Nikapiga magoti. Nikaweka mdomo kwenye tundu la kasha, nikamwita, si kwa jina la mtoto wetu, bali kwa lile la Tumati.

"Xavery."

Mkono wake ukasimama juu ya nyuzi.

"Sauti yako imezeeka," akasema, bila kuinua taya. "Sema tena."

Nilikuwa na maneno ya miaka. Nikaanza na habari za ng'ombe.