Betri Isiyo na Vizibo

...na bado anaupasha msumari kwenye jiko la mkaa, baba yangu, Dadi wa Ujiji anayejua kila kitu, "Asia, lete yale maji ya betri nyuma ya mlango," na mimi nimeikumbatia betri ya taa zake za kuvulia dagaa kama mtoto wanayetaka kumtoga masikio, siiachii, siiachii ng'o, eti waliotengeneza wamesahau kuweka vizibo, ile ya zamani ilikuwa navyo, unafungua, unaongeza maji, betri inafufuka, kwa hiyo hii nayo tuitoboe... "Baba, hii ni lithiamu, ikiingia maji inawaka!" nimesema, nimerudia, "Si wewe uliyesema ina dawa?" lo, nilisema, juzi tukila, na madaha yangu ya digrii ya kemia, nikasema mle ndani kuna kimiminika na kiwandani wanakidondoshea dawa kidogo ili betri idumu, jamani, kwa nini nilisema dawa, hapa dawa ni ya mgonjwa, na mgonjwa ndiye huyu mapajani kwangu, taa zinafifia kabla dagaa hawajakusanyika, mtumbwi unarudi mtupu, mama hana cha kuanika... "Tutachoma nyumba, baba!" "Ile ya zamani mbona haikuchoma?" na nikimjibu kwamba kimiminika cha humu ni elektroliti nyingine, si ya kuongezwa maji, atacheka, ataniita mama profesa, nina hasira mpaka machozi yananilenga, miaka yote ile maabara nikikisoma kitone hicho cha dawa, kinavyovunjika betri inapochajiwa mara ya kwanza kabisa, kikaacha utando mwembamba, kama ule wa juu ya uji, ukailinda betri maisha yake yote, mara ya kwanza tu, ikiwa bado mpya, bado nzima... lakini hiyo si dawa, hiyo ni chanjo, chanjo!, neno lenyewe lilikuwa hapahapa, begani kwa baba kuna kovu la chanjo tangu utotoni, linang'aa jasho akipepea mkaa, nikimwambia chanjo ataelewa, atauweka msumari chini, nyumba itapona... halafu atauliza, namjua baba, atauliza, aliyekwisha kuugua chanjo inamfaa nini, na nitamjibu haimfai kitu, baba, betri yako inakufa na hakuna cha kuongeza, na mimi ndiye nitakayemwambia... msumari umekuwa mwekundu. "Asia, lete."