Adapta Isiyotakiwa Kupoa

Binti wa fundi redio alikuja likizo na sheria zake. Alikuwa muuguzi, na nyumba ya wazazi aliikagua kama wodi.

"Baba, hizi adapta zinakula umeme hata zikiwa hazina kazi," alisema, akizichomoa moja baada ya nyingine.

"Zinakula kidogo tu. Ila hiyo ya redio ya mama yako usiiguse."

"Kwa nini?"

Fundi akajifanya hakusikia. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mzee wetu alikuwa na lake. Adapta ile ilikuwa ukutani miaka kumi na miwili. Kila asubuhi aliigusa kwa mgongo wa mkono na kuisikia ikikoroma: kapasita ndani, kile kikopo kidogo cha kutunza umeme, imekauka, inaishi kwa joto lake yenyewe. Ikipoa, haiamki tena. Zamani angeibadilisha huku anapiga soga. Lakini tangu mwaka jana mikono yake ilikuwa inatetemeka, na hakumwambia mtu. Mkewe, aliyepoteza macho, alishinda na redio ile kutwa.

Kesho yake fundi alitoka kununua mkate. Kurudi, nyumba kimya.

"Niliichomoa nikifagia tu," binti alisema. "Nimeirudisha, haiwaki. Basi nitanunua mpya."

"Mpya ya nini, na fundi yupo?"

Mdomo huo! Akaketi mezani, akaifungua adapta, akachukua chuma cha kulehemu. Ncha ikacheza huku na huku, ikaunguza meza. Akajaribu tena, akakosa tena. Binti akaitazama mikono ile, akainamisha macho. Fundi aliona aibu hata masikio yakamwaka moto.

"Mpe mwanao hicho chuma," mkewe akasema kutoka kitini.

"Unajuaje..."

"Mwaka mzima ukiniletea chai kikombe kinagonga sahani tangu jikoni mpaka hapa. Mimi nimepofuka, mume wangu, sijawa kiziwi."

"Na hukusema?"

"Nilikungoja useme wewe."

Fundi aliinuka. Kisha akamsogezea binti kiti na kumpa chuma, kwa mkono uleule unaotetemeka, bila kuuficha.

"Shika wewe, mwanangu," alisema. "Mikono yangu imechoka. Nitakuonyesha pa kugusa."