Ugomvi wa Kila Alhamisi

Baiskeli ndiyo iliyowaumbua. Kutoka dirisha la ofisi yangu ya ushauri wa ndoa, hapa Usagara, nilimwona Uweso anaendesha, mkewe Khairat kakaa nyuma kwenye keria, wote wanacheka mpaka baiskeli inayumba. Kufika kona wakashuka. Walipoingia kwangu walikuwa wamenuna kama wafiwa.

"Haya, leo mnagombania nini?"

"Chumvi kwenye mchuzi," akasema Khairat.

"Alhamisi iliyopita pia ilikuwa chumvi."

Khairat akaangua kicheko, na Uweso akakiri. Walishapatana zamani. Lakini nyumbani kwao Nguvumali watu wamejaa hadi ukumbini, na chumba chao kimetengwa na cha wazazi kwa pazia tu. Ukipiga chafya, upande wa pili wanakuitikia. Hapa kwangu mlango unafungwa, na wazee ndio waliowaleta, hakuna wa kuwauliza.

"Usimwambie mama, dada," Khairat akanisihi.

Nilikasirika, sifichi. Usingizi ulikuwa ukinipaa kwa ajili ya ndoa yao, kumbe wenzangu wanakuja kupiga soga! Hata hivyo siri ya mteja siitoi, nikakubali.

Alhamisi iliyofuata Bi Asmahani, mama yake Uweso, akawatangulia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Niambie, mwanangu, hawa wanapona au hawaponi? Wazee wanakaa kesho. Kama hakuna nafuu, nitasema waachane. Mtoto wa watu anateseka bure."

Ningeweza kuiokoa ndoa ile kwa neno moja, na neno lenyewe halikuwa langu.

"Wangoje, mama. Watakujibu wenyewe."

Niliwawahi nje. "Mama yumo ndani, anataka muachane. Siri yenu sitaitoa, lakini uongo wenu nao siubebi tena. Kasemeni."

Uweso akaingia, akapiga magoti. "Mama, tusamehe. Hatugombani. Tunakuja kuzungumza tu, nyumbani hatuna pa kuzungumzia."

Bi Asmahani aliinuka, akaufunga mlango, akaufungua, akaufunga tena.

"Ukifungwa hivi, nje hawasikii?"

"Hawasikii, mama," nikasema, nikijiandaa kutukanwa.

Akavuta mtandio wake, akanisogelea sikioni.

"Na mimi nikija na mzee wangu," akanong'ona, "tuseme tunagombania nini?"