Kelele za Mstari wa Saba

Jumatano asubuhi mpimaji alikuwa amebakiwa na siku mbili. Mji wao umekaa juu ya mwamba wa volkano wenye unene wa kama mita mia nne, na visima vyote vilivyochimbwa ndani ya mwamba huo vilikuwa vimekauka. Kama chini yake kulikuwa na matabaka ya mchanga, huenda yalikuwa na maji. Asipoonyesha pa kuchimba, mtambo wa kuchimba visima ungepakiwa Ijumaa na kupelekwa wilaya nyingine.

"Tunakutegemea wewe," mkurugenzi wa idara ya maji alimwambia. "Wewe ndiye mwenye macho."

"Macho ninayo, bosi. Cha kuona ndicho sina."

Hakuwa akitania. Idara ilikuwa na rekodi za miaka thelathini na moja iliyopita: watu walilipua baruti ndogo ardhini, na vinasa sauti vilivyopangwa kwa mistari saba vikanasa mwangwi uliorudi kutoka chini. Mistari sita alikwisha kuichambua. Kila mmoja ulionyesha uso wa mwamba waziwazi, kisha ukungu mtupu.

Ulibaki wa saba. Karatasi yake ilipigwa muhuri mwekundu, USITUMIKE, na chini yake mtu ameandika kwa mkono: "Nilisahau kuwasha kichujio cha sauti nzito tangu asubuhi. Kosa ni langu, si la mashine."

Aliyasoma maneno hayo mara mbili. Enzi hizo kichujio cha kuziondoa sauti nzito kilikuwa sheria, kwa sababu mtikisiko mzito unaotambaa juu ya ardhi ulifunika kila kitu. Lakini sauti nzito ndizo zinazopenya mwamba mgumu. Ni kama redio ya jirani: besi inapita ukutani, maneno yanabaki kwake. Katika ile mistari sita, walichokitupa ndicho alichokuwa akikitafuta.

Kuuondoa mtikisiko wa juu kwa kompyuta kulimchukua siku nzima na nusu. Alhamisi alasiri, chini ya mwamba, ilijitokeza kwenye kompyuta michirizi mitatu ya matabaka iliyolala sambamba, ikizama kidogo kuelekea mashariki. Hakushangilia. Alikagua kwanza kama ni mwangwi wa mwangwi, maana mwamba wa aina hiyo ni hodari wa kudanganya. Nyakati za kurudi hazikulingana na za mwangwi wa mwangwi; matabaka yalikuwa ya kweli. Akaweka alama ya pa kuchimba, akampelekea mkurugenzi, kisha akaomba namba ya mstaafu aliyetia saini karatasi ile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama unauza bima, umechelewa."

Alimweleza.

"Mstari wa saba? Binti, ule ulinipatia barua ya onyo. Wenzangu waliniita Bwana Kichujio mpaka nastaafu. Leo mmenifuata hadi nyumbani?"

"Nimekutafuta nikushukuru."

"Kwa kusahau?"

"Kusahau kila mtu anasahau. Kwa kuandika. Ungenyamaza, ningeona kelele tu, nikadhani mashine ilikuwa mbovu. Nisingehangaika nao."

Mzee akakohoa. "Mkuu wa kambi alikuwa anataka kumfukuza fundi wa mashine. Kijana wa watu, ana watoto watatu. Ningefanyaje?"

Hilo halikuwamo kwenye karatasi. Mpimaji alichukua kalamu, akaliongeza pembeni, na tarehe.

Siku ya kumi na tisa ya kuchimba, katika mita mia nne na kumi na mbili, mtambo ulitokeza upande wa pili wa mwamba. Mchanga ulipanda kwanza, maji yakafuata. Mpimaji alisimama pale viatu vimelowa chapachapa, akampigia mzee kabla ya kumpigia mkurugenzi.

"Mchanga gani?" mzee aliuliza.

"Wa kahawia, chembe kubwa. Na maji yanatoka."

"Umeyaonja?"

"Nimeyaonja. Hayana chumvi. Asante, mzee."

Akamsikia akivuta pumzi, halafu kiti kikisukumwa.

"Ngoja nimwite mama watoto, umwambie wewe mwenyewe. Mimi hataniamini."